Mtoto wa Tano

Ijumaa asubuhi, Romana, karani wa kiwanda cha mbao, aliinua kikombe chake cha chai, akaona kimeacha duara la kahawia juu ya bahasha ya makao makuu. Bahasha ilikuja na treni ya Tabora Jumamosi iliyopita. Wiki nzima aliifanya kisahani.

Akaifungua. Kuanzia mwezi huu, kiwanda kitawalipia matibabu watoto wote wa mfanyakazi, siyo wanne tu.

Akasoma tena.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, Ndaki, mpasua magogo, alikuwa amesimama hapohapo mbele ya meza akiomba karatasi ya matibabu ya binti yake mchanga. Romana alihesabu majina kwenye fomu. "Huyu ni wa tano, baba. Utaratibu hauruhusu."

Sasa mlango ukagongwa. Ndaki akaingia, kofia mkononi.

"Dada, nimefuata mbao."

Mbao za jeneza zilitolewa bure, na hakuna aliyeuliza marehemu ni mtoto wa ngapi. Romana akavuta daftari.

"Urefu gani?" akajikuta akiuliza.

Ndaki akaweka viganja juu ya meza, kimoja huku, kimoja kule, bahasha katikati.