Kidole cha Picha ya Kumi na Nne

Katika Picha ya Kumi na Nne, mchoro wa mkono uliotundikwa katika chuo cha udaktari, kidole cha kati kilikuwa kimepinda ncha, na kwa sababu hiyo madaktari wote waliosomea chuo kile waliamini kwamba kidole cha kati cha binadamu hupinda. Inasemekana yupo mgonjwa aliyefungwa bandeji wiki tatu kwa kosa la kuwa na kidole kilichonyooka.

Daktari mwenyewe alipata alama zote kwa kukichora kidole hicho bila kutazama. Aliyekichora mwanzo ni baba yake.

Sasa baba mtu alikuwa mbele yake, katika chumba cha picha pale chuoni, akimsukumia kwa mara ya tatu fomu ile ile ya kutoa mwili kwa chuo.

"Tia saini, Daktari. Nikifa wanichukue."

"Baba, sitii."

"Miaka thelathini na miwili nimekula kwa mgongo wa maiti. Niondoke hivi hivi, kama mgeni asiyeaga?"

Fomu ilitaka saini ya ndugu wa karibu, na ndugu alikuwa yeye peke yake. Uvimbe tumboni mwa mzee haukuwa na subira. Daktari ndiye aliyeusoma kwenye eksirei, mkavu, kama anasoma ratiba ya basi. Tangu siku hiyo hakuhisi kitu, hata njaa.

"Utalala kando ya Mama," alisema. "Nafasi ipo."

Mzee akacheka kwa pua. "Wachoraji wa kale waliiba maiti makaburini, wakapasua huku wanatetemeka, wajue tu msuli wa shingo unapita wapi ndipo wachore malaika. Mimi nililetewa mezani, na chai juu."

"Na ulikuwa unajisikiaje?"

"Sijisikii. Natazama."

Ndivyo alivyokuwa. Siku ya kumzika Mama, majirani walinong'ona kwamba bwana huyu ana moyo wa jiwe: hakudondosha hata chozi, alisimama tu na wino vidoleni. Daktari alikumbuka machache: tope, koleo, na sare yake mpya ya shule. Hiyo sare ilimtatiza siku zote, maana Mama alifariki yeye akiwa na miaka minne, shule hajaijua. Lakini kumbukumbu ya mtoto ni pakacha, haikosi kuvuja.

"Mama alizikwa mzima," alisema. "Hakuguswa na kisu cha mtu. Na wewe utazikwa mzima. Basi."

Mzee alichomoa mfukoni kastabini ya Mama, ile kofia ndogo ya bati ya kusukumia sindano, aliyotembea nayo kama wengine wanavyotembea na funguo. Mama alikuwa fundi wa nguo, mshonaji wa mkono tangu usichana. Utotoni Daktari aliijaribu kastabini ile kwenye vidole vyake vyote kumi. Ilikuwa imebonyea upande, ikavikataa vyote.

"Picha ya Kumi na Nne uliisoma vizuri?"

"Baba, naweza kuichora nimelala."

"Ni ya kipimo gani?"

"Kipimo cha asili. Sawasawa na mkono wenyewe."

"Haya."

Mzee akaishusha picha ukutani, akailaza mezani kati yao, juu ya fomu. Akaifuta vumbi kwa kiganja, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Kisha akaiweka kastabini juu ya ncha ya kidole cha kati.

Ikakaa mpindo kwa mpindo, bila kubakiza hata unywele. Daktari akaikumbuka ile sare mpya ya shule, akanyoosha mkono kuomba kalamu.