Mali ya Don Nabor

"Hii pikapu ni ya nani?" aliuliza ofisa wa mahakama, kalamu mkononi.

"Ya mke wangu," alijibu Don Nabor.

"Gereji?"

"Ya mke wangu."

"Friji, televisheni, ile mashine ya kujaza upepo?"

"Mke wangu, mke wangu, mke wangu." Nabor alijinyoosha kitini, amefurahi kuliko siku ya harusi yake. "Kitanda na hizi nguo nilizovaa ni vyangu, lakini sheria haiwaruhusu kuvichukua. Nimeuliza."

Nyuma ya ofisa walisimama wakili mnene mwenye tai fupi, na Herlinda, muuza supu ya mahindi na nyama ya nguruwe katika soko la Yuriria. Miaka miwili iliyopita Herlinda alimkopesha Nabor peso elfu themanini, naye Nabor akasaini hati ya ahadi kwamba angelipa ifikapo Desemba. Desemba ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Kila akidaiwa alijibu, "Dada Herlinda, supu yako inazidi kunoga siku hizi," kisha akaondoka bila kulipia hata hiyo supu.

Pesa zilikuwa za vipuri, alisema. Kila Ijumaa alikwenda mji wa Celaya kuvifuata, ananukia manukato, akarudi Jumamosi bila hata skrubu.

Mwezi uliopita ilikuja barua ya wakili: siku kumi, la sivyo mahakamani. Nabor aliicheka, hadi jirani yake fundi wa umeme alipomfumbua macho.

"Wewe unacheka nini? Hati ya ahadi siyo deni la mdomo. Sahihi yako yenyewe ndiyo ushahidi. Hakimu hasubiri mbishane. Anamtuma ofisa kwanza aje kukamata mali, maneno baadaye."

Siku mbili Nabor chakula hakikupita. Siku ya tatu mkewe, Amparo, akiwa amejiinamia kwenye cherehani, akasema kwa unyonge, "Watazoa kila kitu, masikini. Itabaki hii cherehani tu, maana risiti ina jina langu."

Kijiko cha Nabor kiliganda hewani. Wazo lilimjia, na uzuri wa wazo hilo ulimfanya ajione angefaa kuwa waziri. Si walifunga ndoa kwa mkataba wa kila mtu kubaki na mali yake? Basi! Kila kitu kihamie kwa Amparo, na Herlinda aje akamate upepo.

Amparo hakutaka. "Mimi mambo ya mahakama yananitia tumbo joto, Nabor. Watanifunga." Ilibidi ambembeleze siku nzima, na jioni ampigie magoti kabisa, ndipo mkewe akakubali shingo upande. Walipofika kwa mwanasheria wa hati, Nabor alisaini nyumba, gereji na vyombo vyote. Amparo alifungua mdomo mara moja tu.

"Na pikapu?"

"Ahaa! Umeanza kuelewa," alisema Nabor, akasaini na pikapu.

Sasa Amparo alitoka jikoni na kahawa ya mdalasini na sinia ya mikate mitamu. Alimpa Herlinda kikombe, akamchagulia mkate wenye ufuta. Hakumuuliza anapenda upi.

"Mfungie na wa kwenda nao," Nabor alisema. "Ndicho atakachoambulia leo."

Herlinda alitafuna taratibu, akitazama maua. Hakulia wala hakutukana. Jambo hilo lilimkera Nabor kidogo, kwa kuwa alikuwa ameandaa majibu matatu ya matusi na sasa yangeharibika bure.

"Kwa hiyo, bwana Nabor," ofisa alisema, "unatamka mbele yangu, na utasaini, kwamba huna mali yoyote?"

"Hata msumari."

"Akiba benki?"

"Mzee, mimi nina mke tu!" Nabor alicheka peke yake, akachukua kalamu, akasaini kwa mbwembwe na mstari mrefu chini ya jina. Wakili aliisoma ile sahihi kwa makini, akaipulizia wino ukauke, akafunga jalada. Hakuonekana mtu aliyeshindwa.

"Haya, poleni na safari," Nabor alisema, akiwaonyesha mlango. "Karibuni tena Pasaka."

Ofisa hakunyanyuka. Alilowesha kidole, akafunua karatasi ya pili.

"Kuna wito mwingine. Mji wetu mdogo, hakimu ni mmoja kwa kesi zote, tukaona nisije mara mbili." Akasafisha koo. "Shauri la talaka. Mdaiwa, Nabor Zavala. Mdai, Amparo Cisneros."

Nabor aligeuka kumtafuta mkewe. Alimkuta kasimama mbele ya Herlinda, anamkabidhi bahasha nene.

"Elfu themanini zako, shoga, zimetimia. Pikapu nimeshaiuza, mnunuzi anaifuata saa tisa." Kisha Amparo akambusu shavuni. "Na Mungu akulipe kwa kukubali kumshtaki nilipokuomba."