Plastiki Mbili za Kikokotoo

"Na huyu?" mgeni kutoka mkoani aliuliza, akimwonesha mwanamke aliyekuwa akisugua vioo vya kupimia damu katika maabara ya zahanati.

"Huyo ni mwosha slaidi tu," daktari akajibu, kisha akaendelea kujisifu jinsi alivyoibuni hadubini ya kuonesha malaria iliyokuwa mezani.

Mwanamke huyo, Elieth, akaendelea kusugua. Plastiki mbili za kuchuja mwanga zilizomo kwenye hadubini hiyo, moja juu na moja chini ya slaidi, alizibandua yeye, kwa wembe, kwenye kioo cha kikokotoo kibovu alichokiokota sokoni Kasulu.

Daktari akaizungusha plastiki ya juu. Kila hadubini ilipoingia giza alishtuka, akarudisha mwanga upesi. Hakujua kwamba chembe za malaria hung'aa gizani tu.

"Mbona sioni kitu?" mgeni akauliza.

Jasho likamtoka daktari puani. "Elieth, dada yangu, hebu njoo umwoneshe."

Elieth akabeba beseni la slaidi chafu, akatabasamu. "Mimi tena, daktari? Mimi si mwosha slaidi tu?"