Kofia ya Shahidi

Sheria ilikuwa moja: mzazi akiumwa kichwa, hapewi dawa mpaka mtu wa kwa mumewe ayasikie maumivu yale kwa kichwa chake mwenyewe na kuyatolea ushahidi. Muuguzi alileta kofia mbili za waya, zinanuka jasho na mafuta ya nywele za watu. Mwanahawa, aliyejifungua wiki iliyopita, aliivaa yake kwa kinyaa. Ya pili aliivaa mkwewe, Bi Tatu.

Muuguzi akabonyeza swichi. Bi Tatu macho yalimtoka pima, akashika ukuta, akatapika ndani ya beseni la kumkandia mzazi.

Mwanahawa akapata tumaini. "Mama, umeuona na ule ukungu unaonijia machoni?"

Bi Tatu alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga. "Uchovu wa uzazi tu huu," akamwambia muuguzi. "Mimi nilikuwa nao hivihivi, na nani alinivalia kofia?"

"Shahidi amekana," muuguzi alisema, akakusanya kofia zake akaenda.

Bi Tatu alimwaga matapishi, akalijaza beseni lilelile maji ya moto. "Haya mwanangu, nikukande."

Katika ukungu ule, Mwanahawa aliona mikono minne ikimjia, yote inanuka matapishi.