Ua Lililopinda

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia kifuniko cha sufuria kikigongagonga. Mjukuu wangu alikuwa ameniwekea chai jikoni.

Kulipokucha shoga yangu Mejumaa alipiga hodi, akaikuta mkekani kofia mpya aliyoishona mjukuu wangu. Akaishika, akapitisha kidole juu ya maua yaliyotobolewa kwa sindano. Kidole kikasimama kwenye ua moja lililopinda.

Nililijua ua lile. Mejumaa alilikosea hivyo kwenye kofia yake mwaka aliougua jicho, na hapa Mji wa Kale ua la mshonaji haliigwi bila mwenyewe kuombwa.

“Ni kopi tu, bibi,” mjukuu wangu alininong’oneza, kama wauza viatu vya bandia wanavyosema.

Uso uliniwaka. Huyu nimemlea mimi. Sikuweza kumtazama Mejumaa, nikajua leo nimempoteza.

Mejumaa akaketi mkekani, akaomba sindano.

“Wewe mtoto, umeniiga mpaka kosa langu! Sogea tulinyooshe.”

Walilinyoosha pamoja, tobo kwa tobo. Mimi sikuinua kichwa.

Alipoondoka alisimama kizingitini. “Kesho mje kwangu, mjukuu na bibi yake. Na wewe shoga, usinikimbie kwa aibu. Njoo kama ulivyokuwa ukija.”