Mstari Ndani ya Nyamizi

Mashine ya sajili haikuweza kusoma madaftari mawili kwa swali moja, na kwa sababu hiyo Mhoja alikuwa siku ya pili nje ya wodi aliyolazwa mkewe, Nyamizi. Sheria iliruhusu kuingia ndugu aliyethibitishwa na mashine tu.

"Daftari la watu linakujua, baba," karani Edda alimwambia dirishani. "Daftari la ndoa lina namba mbili bila majina. Nikiiambia mashine iyasome pamoja, inagoma. Imetengenezwa kutafuta, si kuunganisha."

"Miaka thelathini na moja namkoromea sikioni. Kamuulize mwenyewe."

"Yeye si daftari."

Njia ilikuwa moja. Edda angemnakili Mhoja ndani ya rekodi ya Nyamizi, awe mstari mmoja humo ili mashine iwaone wote wawili kwa swali moja, kisha angeifuta rekodi ya Mhoja, maana mtu haandikwi mara mbili.

"Na yeye akifa?"

"Rekodi hufungwa pamoja na vyote vilivyomo."

Mhoja akaweka kidole kukubali.

Nyamizi alipomwona alisema, "Umechelewa. Na shati umeligeuza."

Alifariki Alhamisi. Jioni hiyo mlango wa nyumba yao ulimsoma Mhoja kidole, ukamtafuta, usimpate.

Alikuwa amekaa na mkewe siku nne. Alimlisha uji mara saba, akamkata kucha za mkono wa kulia. Za kushoto hawakuwahi. Kwa hayo alitoa jina lake, nyumba, na nafasi ya kuzikwa kando yake.