Lusia Aliyegeuka

Kicheko kilisikika kutoka mabenchi ya nyuma kanisani, walikoketi wafua nguo, kabla fundi Tankredi hajageuka juu ya ngazi. Alishuka, akalitazama dirisha la kanisa alilomaliza kulipachika. Kipande cha kioo chenye uso wa mtakatifu alikuwa amekiweka kinyume, upande wa rangi nje. Mtakatifu Lusia, aliyechorwa amtazame Bwana Baldo aliyeligharimia dirisha, kwenye kiti chake cha mbele, sasa alimpa kisogo na kuwatazama wafua nguo. Jua lilipenya joho lake, likamwaga wekundu juu ya mikono yao iliyochubuliwa na sabuni.

"Mtoe! Mgeuze!" Bwana Baldo alifoka.

"Thubutu!" Orsola, mfua nguo, alisimama. "Miaka yote tunamwimbia, leo ndiyo ametuangalia. Mwanangu fundi, usimguse!"

"Lakini mama, rangi ikiwa nje mvua itaila. Miaka kumi tu, uso umefutika. Na huyu bwana hatanipa kazi tena."

Wanawake wakaanza kuimba, wengine wakipiga makofi. Kicheko kikamponyoka Tankredi. Akaitwaa ngazi, akaiweka begani.

"Mama Orsola," alisema kwa sauti iliyofika hadi kiti cha mbele, "mvua ikimfuta nitarudi kumchora, na atatazama huku huku."